Lori la Watu Wawili

Nikisikia watu wakizisifia Scania 111 au Fiat 682, sifa huishia kwenye injini na mlio wake. Wenye kumbukumbu ndefu kidogo humtaja na dereva. Mimi magari hayo niliyajua kupitia mlango wa kushoto. Nilikuwa utingo Mufindi, mkoani Iringa, mwanzoni mwa miaka ya 1980, nikakaa upande ule miaka kadhaa kabla sijaaminiwa usukani, kwa hiyo mengi ninayoyakumbuka yako chini ya gari, kwenye tope, au juu ya mzigo. Lori la magogo la enzi zile lilikuwa la watu wawili. Nusu ya usalama wake ilikuwa mikononi mwa mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote, na huyo ndiye ninayetaka kumsemea.

Mashamba ya miti ya Sao Hill, huko huko Mufindi, yalianza kama majaribio mwaka 1939, yakapanuliwa sana baada ya uhuru. Nilipoanza kazi, paini zilizopandwa miaka ya 1960 zilikuwa zinafikia umri wa kuvunwa, viwanda vya mbao vinazitaka, na kule Mgololo kiwanda kikubwa cha karatasi kilikuwa kinajengwa. Magogo yalikuwepo tele, tatizo lilikuwa malori. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ilikuwa imechukua magari mengi ya raia, na mengine yalirudi yamekwisha. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, spea hazionekani madukani, tairi jipya la General Tyre kutoka Arusha lilipatikana kwa kibali na kwa kujuana. Waliobahatika walipata Scania zilizounganishwa TAMCO pale Kibaha. Sisi wengine tulibebea magogo magari yaliyokwisha kula chumvi nyingi: Fiat, Bedford, Leyland, na Scania 111 ambazo mmiliki wa kwanza na wa pili walikuwa wameshazitumia wakazichoka.

Dereva aliyenifundisha alikuwa bado mtu wa makamo, lakini nilimwita mzee kwa heshima ya kazi. Asubuhi namwamkia shikamoo, anaitikia, na hapo hapo ananiuliza habari za matenki ya upepo. Kazi aliisomea kwenye barabara ya Zambia, na bila kuieleza barabara hiyo siwezi kueleza kwa nini alikuwa mkali kiasi kile.

Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru wao. Zambia ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ipate uhuru wake, na mafuta yake yalikuwa yakipitia huko huko Rhodesia. Kabla mwaka haujaisha njia hiyo ikafungwa. Mafuta yakaanza kupitia Dar es Salaam, mengine kwa ndege mwanzoni, na mengi kwa malori, kwenye njia ya zaidi ya kilomita 1,800 hadi Ukanda wa Shaba. Sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Wazungu waliipa jina la Njia ya Jehanamu. Mwaka 1966 serikali za Zambia na Tanzania pamoja na Waitaliano zilianzisha kampuni ya pamoja ya uchukuzi, Zambia-Tanzania Road Services, na Fiat zikajaa barabarani. Wenye magari binafsi nao waliingia, na mzee alikuwa kwa mmoja wao.

Gari lake lilikuwa Fiat 682 N3. Injini yake ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na inakaa ndani ya kabini kati ya dereva na utingo. Joto lake unalivaa kutwa nzima, na mlio wake unabaki masikioni hata ukishalala. Gia zake hazikuwa na msaada wa kuingia zenyewe. Ukitaka kushusha gia unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia klachi, unapiga resi kidogo ili mizunguko ilingane, unakanyaga klachi tena ndipo unaingiza. Ukikosea, gia inagoma na kulia, na gari linabaki halina gia. Kwenye tambarare utajaribu tena. Kwenye mteremko hupati nafasi ya pili.

Mzigo ulikuwa mapipa. Pipa la lita 200 la dizeli, pamoja na chuma chake, lina karibu kilo 190. Mapipa yakisimama pamoja juu ya mota, yaani sehemu ya kubebea mzigo, wakati gari linapigwa na mawimbi ya barabara, yanasuguana, na chuma kinachosuguana na chuma kinatoboka. Kwa hiyo kati ya pipa na pipa waliweka vipande vya tairi chakavu na magunia ya katani. Kila wakisimama, utingo alipanda juu na kunusa. Mzee alisema utingo mwenye mafua hakufaa kazi ile, na alikuwa anasema kweli tupu, maana harufu ndiyo iliyowaambia pipa gani limeanza kuvuja kabla moto haujawaambia. Wakirudi walibeba shaba. Hapo mambo yaligeuka: mapipa yalijaza mota nzima hadi juu, lakini shaba ya uzito ule ule ilifunika sakafu tu. Mtu asiyejua angeona gari tupu. Springi zilijua.

Usiku wa masika, sehemu ambazo magari yaliyotangulia yalikuwa yameivuruga barabara na ukungu umeshuka, utingo wake alishuka akatembea mbele ya gari amevaa shati jeupe, na mzee akamfuata. Taa za Fiat zilimwona yeye, na yeye aliona ukingo kwa miguu. Sijawahi kusikia mzee akijisifu kwa barabara ile. Kila alipoisimulia alianza na shati lile.

Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, na mapipa yakapoteza kazi. Barabara ya lami ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Madereva wengi wa Zambia walitawanyika. Wengine walihamia mabasi, wengine walirudi kwao kulima. Mzee akafuata mbao Mufindi, na ndipo tulipokutana.

Kazi ya utingo ilianza kabla dereva hajaamka. Mwezi wa Juni na Julai Mufindi ina baridi ya kweli, nyasi zinaweka umande mzito, na siku nyingine unaukuta umeganda. Hewa ile inayosukumwa na kompresa kwenda kwenye matenki ya breki ina unyevu, na usiku unyevu unageuka maji na kutuama chini ya tenki. Tenki likiwa na maji, nafasi ya upepo inapungua. Geji itakuonyesha kilo saba vizuri kabisa, lakini ukikanyaga mara mbili tatu imeshuka. Kwa hiyo kila asubuhi niliingia chini ya gari nikafungua koki za matenki. Kwanza inatoka filimbi, halafu maji ya rangi ya chai yaliyochanganyika na oili, halafu upepo mkavu. Mzee alikuwa anasikiliza akiwa bado ndani ya blanketi. Nikifunga mapema, kabla filimbi haijawa kavu, alinirudisha.

Baada ya hapo ni kijiti cha oili, maji ya rejeta, na matairi. Matairi yale nilikuwa nayagonga kwa nyundo, moja baada ya jingine, kwa sababu kwenye jozi tairi la ndani linaweza kuisha upepo na la nje likalificha. Tairi zima linarudisha nyundo. Lililopungua linaimeza. Halafu unachungulia kati ya jozi kama kuna jiwe au kipande cha kisiki kimekwama humo, maana kikizunguka na tairi kitakata mpira, au kitaruka na kumpata mtu aliye nyuma.

Betri nzima zilikuwa shida kupatikana, kwa hiyo gari lililala mlimani, pua ikitazama chini, na lililolizuia lilikuwa kabari. Hapa naomba nisimame kidogo. Kabari yangu ilichongwa kwa mlingoti mkavu, ikavalishwa chuma cha bapa kwenye ncha, na nyuma yake kulikuwa na tundu lililopitishwa kamba ya katani ya urefu wa mikono miwili. Kamba ile ilikuwa sheria ya mzee. Mkono wa utingo hauingii kamwe chini ya tairi, si wakati wa kuweka kabari wala wakati wa kuitoa. Unaisukuma kwa mguu ukiwa pembeni, unaivuta kwa kamba ukiwa pembeni. Asubuhi mzee anakaa kwenye usukani, anaweka gia ya tatu, anakanyaga klachi, ananiita. Navuta kamba, gari linaanza kutambaa, anaachia klachi, injini inakohoa moshi mweupe, inashika. Mimi nakimbia na kabari begani hadi anaponisubiri kwenye tambarare, kwa sababu kurukia gari linalotembea alikuwa amenikataza. Kwenye gereji za jirani niliwajua utingo waliopoteza vidole kwa kukosa kipande cha kamba.

Msituni hatukuwa na mashine ya kupakilia. Magogo yalikokotwa hadi ukingoni mwa barabara kwa trekta au kwa watu, kisha tuliegemeza miti miwili kutoka ardhini hadi kwenye mota na kuyaviringisha juu, wengine wakisukuma kwa mitarimbo na wengine wakivuta kamba kutoka upande wa pili. Gogo mbichi la paini ni zito kuliko linavyoonekana. Mita moja ya ujazo hukaribia tani. Na lina utomvu. Mikono inanata, mtarimbo unanata, lakini lile gogo lililoambuliwa gome linateleza kuliko sabuni. Wimbo tuliouimba wakati wa kuviringisha ulikuwa na kazi yake: wote wasukume kwa pamoja na wote wapumzike kwa pamoja. Aliyekuja na haraka zake tulimweka kando.

Juu ya mota tulifunga minyororo. Kuna jambo ambalo kila aliyebeba magogo analijua na wengine hawalijui. Mnyororo uliokazwa vizuri pale msituni utakuwa umelegea baada ya kilomita chache tu. Gari likitikisika, magogo yanapangana upya, gome linapondeka chini ya chuma, na ile nafasi ndogo iliyopatikana ndiyo inayoachia mzigo kwenye kona. Kwa hiyo mzee alisimama sehemu ya kwanza tambarare bila kuambiwa, mimi nikashuka na bomba la kukazia, nikazunguka mnyororo mmoja mmoja. Alipotoka kwenye barabara ya vumbi na kuingia lami alisimama tena. Bosi mmoja aliwahi kulalamika kwamba tunapoteza muda. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwamba muda huo ni wa gari, wala si wa kwake wala wa bosi, na tukaendelea kusimama.

Tope sitalieleza sana. Kila mtu aliyepita Mufindi mwezi wa Machi anaujua udongo ule mwekundu. Tulikata matawi tukatandika, tukafunga cheni kwenye matairi, tukalala njiani, tukapikiwa ugali na wanakijiji ambao hawakutudai kitu. Kamwene zao, salamu ya kwao, bado nazikumbuka.

Mteremko ndio ninaotaka kuuongelea. Mbao zilizokwisha kupasuliwa zilipelekwa Dar es Salaam, na kutoka Iringa, ukishapita Ilula, uwanda unaisha na barabara inashuka Kitonga hadi Ruaha Mbuyuni. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande mwingine ni korongo. Madereva wa zamani walikuwa na kanuni kwamba gia unayopandia mlima ndiyo unayoshukia. Wengi wanaijua kanuni hiyo kwa mdomo, kwa hiyo nitaeleza sababu yake. Gari likiwa kwenye gia nzito, magurudumu yanalazimika kuizungusha injini, na injini inakataa kwenda mbio. Ukataaji huo ni breki isiyochoka. Ukiongeza breki ya ekzosi, ile inayoziba njia ya moshi, pistoni zinasukuma hewa isiyo na pa kutokea na gari linashikiliwa zaidi. Breki za magurudumu zinabaki zimepoa, zinakusubiri kwa ajili ya dharura.

Ukishuka kwa kukanyaga breki tu, ngoma, zile duara za chuma zinazozunguka na magurudumu, zinapata moto, zinatanuka na kujitenga na viatu vya breki, na bitana zilizovikwa kwenye viatu hivyo zikichemka hazishiki tena. Unakanyaga zaidi, upepo unatumika zaidi, na kompresa inashindwa kuurudisha haraka. Harufu inakuja kwanza, ya kitu kama pembe iliyoungua. Moshi unafuata. Na katika magari ya zamani yasiyo na breki za springi, upepo ukiisha, breki zimeisha. Magari ya baadaye yamegeuzwa: upepo ukiisha, springi zinabana magurudumu na gari linasimama lenyewe. Maisha ya watu wengi yamekaa katika tofauti hiyo moja.

Sasa katika miaka ile dizeli ilikuwa haba na yenye bei ya magendo. Kulikuwa na madereva walioweka nyutro kuanzia kichwa cha mlima ili injini isile mafuta, na lita zilizobaki wakaziuza chini. Nimeona mabaki ya magari yao korongoni. Ukiwa nyutro kwenye Fiat na mwendo ukaongezeka, gia hairudi. Mizunguko haiwezi kulingana tena hata upige resi namna gani. Mzee alikuwa na njaa kama wao na watoto wa kusomesha kama wao. Lita za mlimani hakuziuza.

Na utingo alikuwa na kazi yake kwenye mteremko. Nilikaa mlango wa kushoto kioo kimeshushwa hata kama ni baridi, kwa sababu dereva hawezi kunusa magurudumu ya kushoto. Nilisoma geji ya upepo kwa sauti ili yeye asiondoe macho barabarani. Sita. Sita. Tano na nusu. Ikifika tano alitafuta pa kusimama. Kabari ilikuwa miguuni mwangu. Lakini mzee alinieleza waziwazi kwamba kabari ni ya gari linalotambaa. Gari likishachukua mwendo litairuka, na utingo anayekimbia nayo pembeni anakufa bure.

Kuna usiku tulifika kichwa cha Kitonga na Scania 111 yenye tela. Gari lile lilikuwa raha baada ya Fiat: injini ya lita 11, gia kumi, usukani unaogeuzwa na mtu mwenye nguvu za kawaida. Mzee alisimama juu kama kawaida yake, akanituma nikapime ngoma. Unapima kwa kiganja, karibu na ngoma bila kugusa, kila gurudumu. Mtu asiyejua hutafuta ngoma iliyo moto kuliko nyingine. Mimi nilikuwa nimefundishwa kuitafuta ile iliyo baridi, kwa maana gari zima limetoka kufunga breki, na gurudumu ambalo ngoma yake imebaki baridi halikushiriki kazi. Nikakuta mbili, zote za ekseli ya nyuma ya tela.

Nilirudi nikamwambia. Hakuja kuhakikisha kwa kiganja chake. Alichukua spana na tochi akaingia chini, akaniambia nikanyage breki na kuachia kila akisema. Mikono ya kukazia breki ilikuwa inakwenda mbali bila kubana, bitana zilikuwa zimelika na hakuna aliyezikaza tangu safari ya mwisho. Enzi zile ilibidi breki zikazwe kwa spana, hazikujikaza zenyewe. Akakaza ya kulia, akakaza ya kushoto, akairudisha kila moja robo mzunguko ili isisugue. Malori mawili yalitupita wakati huo yakipiga honi. Kazi ilipoisha alinipa tochi niende tena kuangalia minyororo ya mbao, akawasha, akaweka gia ya tatu, tukashuka taratibu mpaka Ruaha Mbuyuni bila ngoma hata moja kunuka.

Kile kitendo cha kuniamini bila kuja kupima mwenyewe kilinibadilisha. Nilikuwa kijana wa darasa la saba ambaye ofisini aliitwa "we utingo". Mzee alikuwa ameyaweka maisha yake kwenye kiganja changu na hakuona kwamba amefanya jambo la ajabu. Nilipopewa usukani miaka ya baadaye, hicho ndicho nilichojitahidi kukifuata kwa kila kijana aliyekaa kushoto kwangu: akisema baridi, ni baridi.

Lakini heshima ya kabini haikufika ofisini. Dereva alikuwa na barua ya ajira, akakatwa makato ya akiba ya wafanyakazi, akapata posho. Utingo alilipwa na dereva kutoka kwenye posho hiyo. Ukifukuzwa hakuna karatasi, ukiugua hakuna karatasi. Mwenzangu mmoja, tuliyeanza pamoja, alikuwa akifungua mnyororo wakati wa kushusha kwenye kiwanda kimoja cha mbao. Hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote za kazi ya magogo, kwa kuwa mzigo uliokwisha kujipanga upya njiani unaweza kuwa umeegemea mnyororo peke yake, na hujui mpaka uufungue. Sheria ni kusimama kwenye kona ya mota, upande ambao magogo hayawezi kuangukia, na kufungua kwa bomba refu. Siku hiyo mtu wa kiwandani alimharakisha, gari lingine linasubiri. Gogo la juu lilishuka na kumkuta mguu chini ya goti.

Mguu ulikatwa. Kwenye taarifa ya ajali mwenye gari aliandika kwamba yule alikuwa abiria aliyepewa lifti. Alikuwa amelifanyia kazi gari lile miaka, kila koki ya chini yake anaijua kwa kugusa, na taarifa ikamwita abiria. Mzee alikwenda ofisini kusema alivyojua, na wengine wawili wakaenda naye. Haikubadilisha kitu. Tulichanga, tukachanga tena, na familia yake ikabeba iliyobaki. Nimeandika mengi juu ya ngoma na gia, lakini kama kuna jambo moja katika haya yote ambalo bado linaniuma ni ile sentensi moja ya kwenye taarifa.

Scania 111 zilianza kutengenezwa mwaka 1974, na bado utakutana nazo Nyololo na Igowole, kule Mufindi, zikitoka msituni na nguzo au magogo, kabini zimechomelewa, boneti ya rangi tofauti na milango. Spea nyingine zinachongwa Dar es Salaam, nyingine zinatolewa kwenye magari yaliyokufa. Mafundi wa Ipogolo, pale Iringa, wanazifungua wamefumba macho. Magari mapya yana breki zinazojikaza, taa za kuonya, na kifaa kwenye gia kinachoshikilia gari mteremkoni hata dereva akiwa mgeni. Nafurahi kabisa kuyaona. Sitamani kijana yeyote ajifunze kupima upepo kwa kusikiliza filimbi ya koki.

Minyororo, hata hivyo, haijabadilika. Gome bado linapondeka, mzigo bado unalegea baada ya kilomita chache, na anayeshuka kukaza bado ni utingo. Nimewaona wengine wakisafiri juu ya magogo kwa sababu kabini imejaa abiria wa kulipa. Dereva anayefanya hivyo ananyang'anya gari lake jozi ya pili ya macho na pua, tena kwa nauli ya watu watatu.

Mpwa wangu anaendesha semi ya mbao siku hizi. Alinionyesha karatasi yake ya safari. Ina nafasi ya namba ya gari, namba ya tela, jina la dereva, namba ya leseni, aina ya mzigo na uzito wake. Nafasi ya utingo haimo, kama ambavyo haikuwemo wakati wetu. Nilimweleza habari ya yule mwenzangu na ile taarifa. Tangu hapo, kabla hajatoka getini, anaandika jina kamili la utingo wake kwa kalamu chini ya lake, anamwambia mlinzi agonge muhuri juu ya majina yote mawili, na nakala anabaki nayo. Mwanzoni karani alimuuliza kwa nini anachafua karatasi. Sasa madereva wengine wawili wa pale wanafanya vivyo hivyo, na karani ameanza kuacha mstari mtupu.